Waya, Ndoo na Madaftari Saba

Mpaka leo nikipita Darajani kununua ndizi, hakosi mtu mmoja akanyanyua mguu wa kushoto, akainua mkono wa kulia juu kama aliyeshika kitu, akaniuliza kwa adabu zote, "Shikamoo Babu Mnara, leo yashika?" Na mie naitika marahaba, nnapita, maana nitasema nini? Hawakunizulia. Niliaibika mwenyewe, kwa ulimi wangu mwenyewe, mbele ya kichochoro kizima na hewani juu yake, wakanisikia watu wa Kiembe Samaki, wa Amani, na hata (nnaambiwa) mahamali waliokuwa wakipakua mchele bandarini. Basi afadhali mulisikie kwangu, kwani wao huongeza chumvi, na hiki kisa chumvi yake ishatosha.

Mie ni Haji, asili yangu Tumbatu, lakini mjini nimekuja mtoto, na nguvu zangu zote nimezimalizia bandarini Malindi kwa uhamali, magunia ya mchele, magunia ya sukari, mpaka magoti yakasema basi. Skuli nilifika darasa la pili. Chuoni, kwenye Kurani, nilikaa zaidi kidogo, ila mwalimu akinichapa kila siku kwa kuwa mie ni wa mkono wa kushoto, na huu mkono wa kushoto muuweke akilini, tutakutana nao mbele. Nnakaa na mke wangu Bi Mize kwenye nyumba ya zamani hapo hapo Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, kuta zake nene hata mtu akilala chumba cha ndani hajui kama nje kuna mvua, na humo ndimo tulimomlea mjukuu wetu Rukia, mtoto wa binti yetu, tokea ana miaka minne mpaka siku tuliyomuoza.

Huyu Rukia alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa macho yangu. Mie kusoma nasoma, lakini polepole, nikifika mwisho wa mstari nshasahau mwanzo wake. Basi kila siku baada ya Alasiri nikirudi bandarini na chapati zilizofungwa kwa kipande cha gazeti, yeye hukinyoosha kile kipande kwenye goti, akakifuta mafuta, akanisomea kwa sauti ya watangazaji, na pale karatasi ilipochanika, habari haijesha, yeye huimalizia kwa kichwa chake. (Kuna waziri mmoja mpaka leo mie najua alianguka kisimani, kumbe alianguka kwenye uchaguzi.) Mtoto akakua, akasoma, akaolewa Kiembe Samaki, na huko huko akapata kazi kwenye redio moja mpya ndogo, Redio Asumini, mnara wao umesimama nyuma ya nyumba kama mnazi uliokatwa kichwa. Wakampa kipindi cha wazee. Kinaitwa Baada ya Alasiri. Anasoma magazeti, anazungumza na wazee, anacheka kicheko chake kile. Munaona mambo hayo? Kazi yenyewe alianzia gotini kwangu.

Sasa hapa ndipo nilipoteleza, na niliteleza kwa neno moja tu. Siku ya kwanza ya kipindi alinipigia simu, kwenye hiki kisimu changu cha tochi, akaniuliza, "Babu, huko Malindi yashika?" Na mie nilikuwa nimekaa saa nzima na redio kifuani, nasikia shhhh tupu kama mtu anakaanga dagaa. Nikamwambia, "Yashika tele, mama, kama uko jikoni." Niseme nini? Niseme haikushika, mtoto wa watu keshafurahi? Nyumba tokea aondoke imekuwa na mwangwi, ukiweka kikombe chini unakisikia mara mbili. Nikasema uongo mdogo, wa kitoto, usio na mtu wa kudhurika.

Nyumbani kwetu redio iko moja kubwa, na hiyo ni ya Bi Mize, na Bi Mize hasikilizi ila stesheni ile kubwa ya siku zote, kwa sababu ya matangazo ya vifo. Wenyeji munajua. Mtu akifa Makunduchi, ukalikosa tangazo, usende maziko, hiyo ni chuki ya miaka saba. Basi yeye kile kitufe cha kutafutia stesheni amekibandika plasta ya kidonda kisijeguswa, na juu ya redio kalaza kitambaa alichokifuma mwenyewe, na anayeibandua plasta ile atalala barazani. Mie nina karedio kangu ka mkononi. Nikazunguka nako nyumba nzima kama mtu anayetafuta panya, ukumbini hakuna, ngazini hakuna, mpaka nikapanda darini juu kabisa, pale pa wazi tunapoanika nguo, penye tangi la maji. Kupandia kule ni ngazi ya mbao, kipago cha tatu kutoka juu kimelegea, unakikanyaga kinakuuliza kama umeshaandika wasia. Na kule juu, wallahi, nilipofunga waya kwenye karedio, nikaushika waya kwa mkono wa kulia nikauinua juu, mguu wa kushoto nikauweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti ikaja! Safi, kama yuko jikoni kweli. Nikishusha mguu, dagaa. Nikiupandisha, Rukia. Musiniulize kwa nini, mie darasa la pili.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Kila siku nikishaswali Alasiri napanda, nasimama saa nzima mkono juu mguu ndooni, namsikiliza mtoto wangu. Bi Mize anadhani nakwenda kutizama tangi. Baada ya Isha magoti yanavimba, yeye ananichua kwa mafuta ya karafuu na kulalamika, "Tangi gani hilo lisilojaa?"

Ikenda hivyo miezi, mpaka siku moja ya Jumapili Rukia alipokuja na uso umemshuka. Bibi yake (ambaye humwita mke mwenza kwa utani) akamuuliza, "Vipi mke mwenza, mume wetu mwengine huko kakuudhi?" Akasema si mumewe. Meneja wao kasema kuna watu wa uchunguzi wanakuja kutoka Dar, watapita majumbani kuuliza nani anasikiliza redio gani, na kama Mji Mkongwe hauonekani kusikiliza, kipindi cha wazee kinaondoshwa, wanaweka muziki wa vijana, kwani wenye maduka hawapeleki matangazo yao pasipo masikio. "Nimemwambia kwetu Malindi yashika," akasema. "Nimemwambia babu yangu ananisikia kila siku. Si ndiyo, Babu?"

Nikasema, "Ndiyo." Na ule ulikuwa ukweli, ila haukuwa wote.

Haukupita muda akaja dada mmoja, Neema jina lake, mtu wa bara, mpole, na mkoba umejaa madaftari. Kila nyumba daftari moja la wiki nzima. Limechorwa siku na saa, na majina ya redio, wewe unaweka alama ya vema pale uliposikiliza, basi, hata wa darasa la pili anaweza. Kichochoro chetu nyumba saba. Akaeleza vizuri, akasema, "Kila mtu ajaze la kwake, wazee wangu, na ajaze siku ile ile," akaenda zake mpaka Jumatatu ya pili.

Hajafika hata kona, Bi Zuwena wa mlango wa pili keshanirushia lake barazani. "Mzee Haji, nijazie hilo, mie nina sambusa motoni." Bi Zuwena ulimi wake mkali lakini mkono wake mwepesi wa kutoa, sahani yake hairudi kwake tupu. Nikalichukua. Fundi Omar mshoni akasema miwani yake ni ya cherehani tu, haioni maandishi, nijazie na lake. Wengine wakaona kumbe kuna mjazaji, wakaleta. Nikajikuta na madaftari saba mapajani.

Hapo mtu mwenye akili angeyarejesha. Mie nikamuona Rukia na ule uso ulioshuka. Nikasema moyoni, Haji, hizi si alama, hizi ni sahani za chakula za mtoto wako. Nikashika kalamu kwa mkono wangu wa kushoto, nikaanza. Asumini, vema. Asumini, vema. Jumatatu ile ile, mkono ushapata moto, nikajaza wiki nzima kwa siku moja, nyumba saba, alfajiri mpaka jioni, nikapita juu ya saa ya swala ya Ijumaa bila ya kusimama (Mungu anisamehe, kwa daftari lile kichochoro chote siku hiyo hakikwenda msikitini), na hata Fundi Omar, ambaye sikio moja limekufa zamani na la pili lamfuata, nikamfanya ndiye msikilizaji mkubwa kuliko wote Unguja.

Sasa tizameni Mungu anavyocheza na waongo. Alkhamisi nikapanda darini kama kawaida, mkono juu, mguu ndooni. Dagaa. Nikabadilisha mguu. Dagaa. Nikasogeza ndoo, nikakaza waya, nikadhani labda tangi limejaa mno, nikafungulia maji yakamwagika kwa Bi Zuwena akapiga kelele huko chini. Nikasimama saa nzima. Ijumaa vile vile, saa nzima, shhhh. Kumuuliza Rukia siwezi, nshamwambia yashika kama yuko jikoni. Nikajua kosa ni langu, ni mkono wangu umechoka kushika. Jumamosi sauti yake ikarudi, nikashukuru, nikasahau. Kumbe siku mbili zile mitambo yao iliharibika, mnara ulikuwa umezima, Unguja nzima hakuna aliyesikia kitu Redio Asumini. Wenye redio wanajua. Wasikilizaji wao wa kweli wanajua. Asiyejua ni mie peke yangu, na kichochoro changu cha madaftari saba.

Dada Neema akaja akayachukua, akashukuru, akapewa na sambusa.

Wiki chache baadaye Rukia alipiga simu anacheka na kulia pamoja. Meneja kapata hesabu za mwanzo, za jumla tu, na Malindi imeonekana ndiyo inayoisikiliza Asumini kuliko mahali pote! Malindi, ndani ya kuta zile! Meneja kafurahi mpaka kasema Alkhamisi ijayo kipindi kitarushwa moja kwa moja kutoka barazani kwetu, na spika, na watu wote, na yule Dada Neema ataalikwa. "Babu, nitakaa pale pale nilipokuwa nakusomea!"

Mie nikasema mashaallah.

Siku tatu nilizunguka milango sita kuwafundisha watu. Nikawaambia, mukiulizwa semeni Asumini, semeni Baada ya Alasiri, semeni Rukia anasoma vizuri. "Kwani hasomi vizuri?" akauliza Bi Zuwena. Nikamwambia anasoma vizuri sana. "Sasa mie sijawahi kumsikia, nitajuaje?" Nikamwambia ndiyo maana nakufundisha. Akanitizama, akasema, "Mzee Haji, weye una jambo." Mtu pekee ambaye sikumfundisha ni Bi Mize. Yeye hawezi kusema uongo, akijaribu hucheka. Nikasema bora asijue kitu. Na hilo ndilo lililonizika.

Siku ikafika. Spika mbili zimefungwa, moja kwa Fundi Omar moja kwetu, nyaya zimelala kichochoroni, fundi mitambo wao kakaa juu ya ndoo (ndoo yangu ile ile!) na mashine yake mapajani. Meneja kavaa kanzu nyeupe na koti. Rukia kakaa barazani, maiki mkononi, buibui lake jipya, na mie pembeni yake nimenyooka kama bwana harusi. Akaanza, "Asalaam alaykum wasikilizaji wetu, leo niko kwetu..."

Akamfuata Bi Zuwena. "Bi Zuwena, kitu gani unakipenda kwenye kipindi chetu?" Bi Zuwena akakohoa, akasema kama mtoto aliyehifadhishwa, "Asumini. Baada ya Alasiri. Rukia anasoma vizuri." Kisha akanigeukia kwa sauti ile ile kwenye maiki, "Ndo basi au bado kuna jengine?"

Watu wakacheka, Meneja akacheka, akaona ni mzaha wa wazee. Akadakia maiki, "Sasa wasikilizaji, tunataka musikie kwa masikio yenu Asumini inavyovuma Malindi! Hebu tuleteeni redio ya nyumba hii!"

Kabla sijafungua mdomo Bi Mize keshaingia ndani. Akatoka nayo kaipakata kama mtoto mchanga, na kitambaa chake juu, akaiweka barazani pembeni ya maiki, kitufe kina plasta, akaiwasha kwa fahari zote.

"...anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, kilichotokea leo..."

Jamani. Ile ilikuwa sauti ya redio nyengine, iko hewani ndani ya Redio Asumini, spika mbili zinaipeleka mpaka bandarini. Meneja akanyoosha mkono aizime. Bi Mize akamzuia kwa kiganja, bila ya kumtizama. "Subiri, bwana. Mtu kafa." Na kichochoro kizima kikanyamaza. Wanawake wakafunika vichwa. Rukia mwenyewe, mtangazaji, akainamisha uso, kwani yeye kalelewa na plasta ile, anajua jina la maiti halikatwi. Mazishi kesho saa nne za asubuhi kijijini Makunduchi. Na habari ziwafikie jamaa walioko Chwaka, na walioko Donge, na walioko Nungwi, na shemeji zake wa Mkokotoni, na fulani wa fulani popote alipo, na ukoo ule, subhanallah, ulikuwa umeenea kama majani! Meneja jasho linamtoka chini ya koti. Katikati ya utulivu ule Fundi Omar akapiga ukelele kwa sikio lake lile bovu, "Nani kafa?"

"Si wa kwetu, tulia!" akajibu Bi Zuwena.

Tangazo likesha tukasema wote inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na Bi Mize akaizima redio yake, akakiweka sawa kitambaa. "Haya," akamwambia Meneja, "endelea na mambo yako."

Meneja naye ni mtu wa mdomo, hakutaka kuzama. Akasema, "Hata wapenzi wetu huchungulia kwa jirani! Lakini hesabu hazidanganyi, na hapa tunaye Dada Neema wa uchunguzi, atueleze Malindi imefanya nini."

Neema akasema chini chini, "Samahani Meneja, mimi nilikuja mapema nikuone pembeni kwanza."

"Sema hapa hapa, hatuna siri na wasikilizaji!" Akamsogezea maiki.

Yule binti akanitizama kwa huruma, wallahi ningependa angenitizama kwa hasira. Akasema, "Madaftari ya mtaa huu tumeyarudia kuyaangalia. Alama zote zimelalia kushoto, nyumba zote saba. Halafu kuna Alhamisi na Ijumaa. Siku hizo mbili mnara wenu ulikuwa umezima, ninyi wenyewe mmetuambia. Lakini hapa kila mtu alisikiliza asubuhi mpaka jioni." Akamgeukia Meneja. "Sasa sisi tumejiuliza, walisikiliza nini?"

Rukia akageuka, hakunitizama usoni, alinitizama mkono. Huu wa kushoto. Ulikuwa juu ya goti langu, nikaona haya nikauficha chini ya kanzu.

"Babu," akasema, na maiki ilikuwa bado wazi. "Ni mkono wako huu?"

Nikasema, "Ni wangu."

"Kwa nini, Babu? Si uliniambia yashika?"

Na hapo, jamani, sikuona tena spika wala Meneja. Nikamwambia kama tulivyokuwa tukizungumza siku zote. Nikasema, "Haishiki, mama. Haijashika hata siku moja humu ndani. Inashika juu darini, penye tangi, mpaka uinue waya kwa mkono huu, na mguu huu uuweke juu ya ndoo." Na kwa kuwa mie nikisimulia siwezi kukaa, nikasimama nikawaonesha, mbele za watu, mkono juu mguu juu, kanzu imepanda mpaka gotini. "Nasimama hivi mpaka useme kwaheri, ndipo nishuke. Na hizo Alkhamisi na Ijumaa sikujua kama mnara umezima. Nilisimama siku zote mbili, nikasikia shhhh tu. Nikadhani ni mkono wangu. Nikakusubiri urudi."

Rukia akafunika uso kwa buibui. Na Bi Mize, ambaye nilidhani atanitetea, akasimama na mikono kiunoni. "Kumbe! Kumbe ndilo hilo tangi! Nakuchua magoti miezi yote hii, mafuta yangu ya karafuu yamekwisha, na mjukuu wangu yuko juu ya paa langu na mie siambiwi?"

Hapo ndipo kilipopasuka kicheko ambacho mpaka leo nakisikia nikipita Darajani. Walicheka waliosimama, wakacheka waliokaa, Fundi Omar akacheka bila ya kujua kwa nini, na mie bado nimesimama mguu mmoja kwa kuwa goti lilinikamata nikashindwa kuushusha, mpaka Neema akanishika mkono.

Simu ya fundi mitambo ikaanza kulia. Akaiweka kwenye mashine yake, tukasikia bibi mmoja wa Amani, "Mwambieni huyo mzee asione haya, mie naishikia chooni, mlango wazi, wajukuu wananigombeza." Akapiga mwengine, hamali mwenzangu wa zamani, nikamjua kwa kikohozi chake: "Haji! Mie naishikia kwenye ngazi za msikiti. Nikitoka Alasiri nakaa pale na karedio ndani ya kanzu, watu wanadhani nnaleta uradi!" Na mmoja wa Kiembe Samaki akasema yeye hana shida, kajenga chini ya mnara, anaisikia hata kwenye sufuria. Fundi mitambo akatoa kalamu, akawa anaandika, chooni Amani, ngazi za msikiti Malindi, juu ya ndoo Malindi. Akanong'ona kuwa hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya kweli aliyoipata.

Ningependa niseme yakesha kwa heri, lakini mie nimeahidi kusema kweli. Madaftari yetu saba yalitupwa, na sisi ndio tuliobeba Mji Mkongwe, basi ulipotolewa ule uongo wangu, Asumini ikawa ya mwisho mjini. Meneja hakukiondosha kipindi (nadhani kwa ajili ya zile simu), ila alikikata, kutoka kila siku kikawa siku tatu. Siku hizo nyengine wanapiga muziki wa vijana. Hizo ni siku nilizomkosesha mjukuu wangu kwa kalamu yangu, na sina wa kumlaumu. Dada Neema nilimuomba radhi, akasema, "Babu, ungejaza la kwako tu, tena siku kwa siku, ungekuwa msikilizaji bora niliyewahi kumpata." Neno hilo linanichoma kuliko vicheko vyote. Kwani ukweli nilikuwa nao, mmoja, mzima, wa kutosha, mie nikaufunika kwa uongo wa nyumba sita.

Rukia hakuja Jumapili ile. Wala ya pili. Hakupiga simu. Mie nilipanda darini kila siku ya kipindi, kwani nifanye nini, nikamsikiliza anasoma magazeti, anazungumza na wazee wengine, anawaaga kwa maneno ya kawaida, na sauti yake ilikuwa safi lakini haikuwa na kile kicheko. Bi Mize siku hizo alikuwa anasimama chini ya ngazi. Plasta hakuibandua, lakini akiniuliza, "Kasema nini?" nami namkariria kutoka juu.

Mpaka siku moja ya Jumatatu, kipindi kinakwisha, mkono wangu ushakufa ganzi, nikamsikia anasema, "Wasikilizaji, muda umetutupa mkono, tukutane keshokutwa inshaallah." Nikasikia pumzi yake. "Na huko Malindi, aliyesimama juu ya ndoo, sasa ashuke. Ashuke taratibu, Babu. Kile kipago cha tatu najua hakijatengenezwa."

Sijazi tena daftari la mtu, hata akiniletea na sambusa zake, na masikio ya mwenzangu siyasemei. Mtu akiniuliza yashika namwambia ilivyo. Lakini siku ile nilibaki kidogo kule juu na ile shhhh, nikafuta macho kwa mkono wa kushoto, kwani wa kulia ulikuwa bado na waya.

"Kasema nini?" akaita Bi Mize huko chini.

"Kasema nishuke," nikamwambia. "Shika ngazi."